Diazo, rangi ya kuoana, chuma au UV: njia ipi ya kupima kiasi cha dawa kwenye kidonge?

Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukifika, wanafunzi wa famasia na kemia wa vyuo vya Dar es Salaam hujikuta kwenye njia panda ileile. Dawa ya kupima wanayo, bajeti hawana. HPLC (mashine kubwa ya kutenganisha dawa na kuipima) ina foleni, tena inakunywa methanoli ya daraja la juu kuliko mfuko wa mwanafunzi unavyoweza kumudu. Msimamizi naye ameshasema neno lake: tafuta njia ya rangi, soma kwenye spektro (spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa), umalize. Shida ni kwamba njia za rangi ni nyingi, na kila makala inayoeleza mojawapo huiita rahisi, sahihi na nafuu. Ukisoma tano mfululizo unabaki palepale ulipokuwa.

Walio kwenye chumba cha udhibiti ubora cha kiwanda kidogo, au wanaofundisha vitendo kwenye vyuo vya kati, wana swali hilohilo kwa sura nyingine. Hapa nalinganisha njia nne: kusoma UV (mwanga wa urujuanimno) moja kwa moja bila rangi yoyote, diazo, rangi ya kuoana na dawa, na chuma. UV haionekani kwa macho, kwa hiyo si njia ya rangi kwa maana ya kawaida. Nimeiweka kwa sababu mara nyingi watu huiruka bila sababu ya maana, wakaenda kupika kemikali nne kwa kazi ambayo ingeisha kwa maji na soda kali (sodiamu haidroksaidi).

Tunachopima hasa

Njia zote nne zinasimama juu ya kanuni ya Beer na Lambert: mwanga ukipita kwenye myeyusho, absobansi hupanda sawia na wingi wa kile kinachoufyonza, ilimradi upana wa kuveti, kile kichupa cha kusomea, haubadiliki, kwa kawaida sentimita 1. Absobansi 1 maana yake asilimia 10 tu ya mwanga ndiyo imevuka; absobansi 2 ni asilimia 1. Ndiyo maana unataka masomo yako yaangukie kati ya 0.2 na 0.8 hivi. Ukipanda mno, mashine inabahatisha kwa mwanga kiduchu. Ukishuka mno, alama ya kidole kwenye kuveti inatosha kubadilisha jibu.

Mashine haiijui dawa. Inahesabu kila kitu kilichotoa ile rangi: dawa nzima, dawa iliyooza, hata kijazio (unga usio dawa unaojaza kidonge). Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya lolote ni hili: ndani ya kidonge hiki, nini kingine kinaweza kutoa rangi ileile?

Vigezo nilivyotumia

Kigezo cha kwanza ni umbo la molekuli: kila njia inashika sehemu fulani ya dawa, na dawa isiyo na sehemu hiyo haishikiki hata ukiongeza kitendanishi mara mbili. Cha pili ni vifaa na kemikali, pamoja na swali ambalo watu hulisahau hadi siku ya mwisho: taka zitakwenda wapi. Cha tatu ni hali ya hewa na umeme wa hapa kwetu. Mbinu nyingi zimeandikwa na watu wenye chumba cha nyuzijoto 20 mwaka mzima. Maabara ya Dar isiyo na kiyoyozi, Februari mchana, ina 31 au zaidi. Cha nne ni kinachoidanganya njia. Halafu nimesema kila njia inamfaa nani.

Sikuweka bei. Kemikali ileile huuzwa kwa bei mbili tofauti wiki moja, kutegemea nani anayo stoo na nani anaagiza. Ulizia kwanza kama ipo, ndipo uulize bei. Na muuzaji awe amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali; kununua asidi kwenye chupa isiyo na lebo ni kujitafutia balaa.

1. UV moja kwa moja

*Inashika nini.* Molekuli yenye pete ya benzini au mlolongo wa bondi mbilimbili zinazopishana. Parasetamoli ndiyo mfano wa darasani, na Farmakopia ya Uingereza, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, yenyewe huipima hivi: pima uzito wa vidonge 20, saga, chukua unga wenye gramu 0.15 za parasetamoli, weka mililita 50 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M na mililita 100 za maji, tikisa dakika 15, jaza hadi mililita 200, chuja. Chukua 10 upeleke hadi 100. Chukua tena 10 za huo, ongeza 10 za soda ileile, jaza hadi 100, soma kwenye nanomita 257.

Fuata hesabu yake. Mwishoni una mikrogramu 7.5 kwa mililita. Thamani rejea ya absobansi kwa myeyusho wa asilimia 1 ni 715, kwa hiyo kidonge kilichotimia kinasoma 0.536 hivi. Chako kikisoma 0.500, umepata asilimia 93.2. Farmakopia ya Uingereza inataka 95 hadi 105, hivyo kimefeli; ya Marekani inaruhusu 90 hadi 110, hivyo kimepita. Kidonge ni kilekile. Ndiyo maana unaamua unapima kwa kitabu kipi kabla hujawasha mashine.

*Unahitaji nini.* Spektrofotomita yenye taa ya deuteri, na kuveti za kwatzi. Kuveti ya kioo cha kawaida au ya plastiki huziba mwanga wa chini ya takriban nanomita 320, na nimeona mtu akihangaika asubuhi nzima na "dawa" iliyosoma juu sana hata kwenye maji matupu. Ilikuwa kuveti. Kemikali ni chache, taka karibu hakuna.

*Joto na umeme.* Hakuna mmenyuko wa kusubiri, kwa hiyo joto halina pa kushika sana. Umeme ukikatika, taa inapashwa upya nusu saa na stendadi (miyeyusho ya dawa safi ya kulinganishia) zinasomwa tena zote, hata kama zilikuwa zimebaki sampuli mbili tu.

*Kinachoidanganya.* Karibu kila kitu chenye pete. Vidonge vya maumivu vyenye parasetamoli, aspirini na kafeini kwa pamoja vinafyonza vyote eneo hilohilo. Dawa ya maji ya watoto nayo ina mtego wake: parabeni, zile za kuzuia kuvu kwenye chupa, nazo hufyonza UV. Ukipima sirapu ya parasetamoli kwa mbinu ya vidonge, unahesabu na kihifadhi.

*Inamfaa nani.* Mwenye kidonge cha dawa moja, kisicho na rangi, na mashine ya UV inayofanya kazi. Kama hiyo ndiyo hali yako, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi.

2. Diazo

*Inashika nini.* Amini ya msingi iliyokaa kwenye pete ya benzini. Hapo wamo salfa karibu wote tunaowajua: salfadoksini ya kwenye SP, salfamethoksazoli ya kwenye Septrin, halafu dapsoni na benzokaini. Bratton na Marshall waliichapisha njia hii mwaka 1939 kwa ajili ya salfa kwenye damu na mkojo, na mpaka leo haijapata mpinzani kwa unyenyekevu wa vifaa.

Inavyokwenda: dawa ikiwa kwenye asidi, unaweka sodiamu naitraiti (soma lebo vizuri, si naitreti), amini inageuka chumvi ya diazo. Unasubiri dakika 3. Unaweka amoniamu salfameti kuua naitraiti iliyobaki, unasubiri dakika 2. Unaweka NED (naftiliethilinidiamini, kemikali inayoungana na diazo kutoa rangi), na neli inageuka waridi iliyokolea hadi zambarau. Unasoma karibu na nanomita 545, eneo ambalo vijazio vya kidonge havina habari nalo.

Chukua SP, kwa sababu ndiyo salfa inayotusumbua zaidi: ni dawa ambayo wajawazito humezeshwa kliniki vidonge 3 kwa mpigo kuzuia malaria, na kila kidonge kina miligramu 500 za salfadoksini na 25 za pirimethamini. Unga wa uzito wa kidonge kimoja unauyeyusha kwenye sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, kwa kuwa maji matupu hayaiwezi salfadoksini, unajaza hadi mililita 100, unachuja. Kutoka hapo mililita 1 hadi 100. Kisha mililita 2 za huo kwenye flaski ya 25, ambamo utaongeza asidi na vitendanishi vyote kabla ya kujaza hadi alama. Una mikrogramu 4 kwa mililita, na absobansi inaangukia katikati ya eneo zuri. Kutoka kidonge cha miligramu 500 hadi mikrogramu 4! Kila pipeti mbovu njiani inakuzwa pamoja na dawa, kwa hiyo flaski na pipeti zako ni muhimu kuliko spektro.

Uzuri wake kwa SP ni kwamba pirimethamini inakaa kimya. Ina vikundi vya amini, lakini haviko kwenye pete ya benzini, hivyo havitoi rangi. Hali kadhalika trimethoprimu kwenye Septrin. Unasoma salfa bila kutenganisha chochote. Ubaya ni huohuo ukigeuzwa: kidonge chenye salfadoksini kamili na pirimethamini sifuri kitapita mtihani wako kwa heshima zote. Andika kwenye ripoti kwamba umepima salfadoksini. Usiandike kwamba umepima SP.

*Unahitaji nini.* Kolorimita (kifaa rahisi cha kusoma ukolevu wa rangi) yenye kichujio cha kijani inatosha. Kuveti za kioo zinatosha. NED ndiyo ya gharama, lakini unatumia myeyusho wa asilimia 0.1 kwa mililita moja moja, gramu chache zinakwenda mbali. Itunze kwenye chupa ya kahawia ndani ya friji. Ikishageuka hudhurungi, mwaga. Taka ni za maji na asidi hafifu, ila rangi za azo si za kuchezea, kwa hiyo vaa glovu na uzikusanye.

*Joto na umeme.* Chumvi ya diazo haipendi joto, na vitabu husema nyuzi 0 hadi 5. Kwa myeyusho hafifu kama huu watu wengi hufanya bila barafu na majibu hutoka, mradi muda kati ya hatua ni uleule kwa kila neli. Dar mimi huweka neli kwenye ndoo ya barafu hadi NED iingie. Ndoo haihitaji umeme, na inaondoa ile tofauti kati ya neli ya kwanza na ya kumi na mbili. Rangi ikishatoka imetoka. Una muda wa kusoma bila kukimbizana.

Kuna jambo dogo ambalo maandishi huliruka. Salfameti ikikutana na naitraiti hutoa gesi ya naitrojeni. Neli inachemka vipovu vidogo kama soda iliyofunguliwa, na vipovu hivyo vikigandia ukuta wa kuveti absobansi inaruka juu bila mpangilio. Tikisa, subiri, gonga kuveti kwa ukucha, angalia dhidi ya mwanga, ndipo usome. Na ukiruka salfameti ili kuokoa muda, naitraiti iliyobaki itaivamia NED yenyewe na rangi yote itachafuka.

*Kinachoidanganya.* Amini nyingine ya aina hiyo. Mfano wa kuuelewa haraka: sindano ya penisilini ya prokaini. Ukiipima kwa diazo itatoa rangi safi na mstari wa kalibresheni ulionyooka, na yote hiyo ni prokaini, penisilini hukuigusa. Dawa zinazohitaji kuandaliwa kwanza zinaongeza mlango mwingine wa makosa. Kloramfenikoli ina naitro, hivyo lazima uipunguze kwa zinki na asidi ndipo iwe amini. Hapo fanya neli moja bila zinki: rangi itakayotoka humo ni ya uchafu uliokuwepo tangu mwanzo, si ya dawa.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi mwenye salfa, mwalimu anayetaka darasa zima lione rangi ikizaliwa, na maabara yenye kolorimita tu. Kwa dawa ya kuandaliwa na zinki au kuchemshwa na asidi, nafasi yake kwangu inashuka.

3. Rangi ya kuoana

*Inashika nini.* Dawa zenye naitrojeni ya besi: klofenamini tunayoiita Piriton, amitriptilini, klorokwini, kwinini, klopromazini. Kwenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) yenye pH ya karibu 3, dawa inabeba chaji chanya na rangi ya asidi, mara nyingi bromokresoli kijani au bromofenoli bluu, inabeba chaji hasi. Zinashikana, na jozi hiyo isiyo na chaji inahamia kwenye klorofomu huku rangi iliyobaki bila mwenzi ikibaki kwenye maji. Unatenga klorofomu, unaikausha kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, unasoma manjano yake karibu na nanomita 415.

Nguvu yake ni kwa dozi ndogo. Kidonge cha klofenamini kina miligramu 4 tu ndani ya unga mwingi, na njia hii huichomoa humo ikiacha wanga na laktosi kwenye maji. Unatenganisha na kupima kwa mkupuo mmoja.

*Unahitaji nini.* Faneli za kutengea, mita ya pH iliyokalibrishwa asubuhi hiyo, rangi, bafa, na klorofomu au daikloromethani. Mashine ya mwanga wa kawaida inatosha. Hapa taka ndiyo inayouma: kila neli inazaa mililita 10 hadi 20 za kiyeyushi chenye klorini, na hicho hakiendi kwenye sinki. Kama chuo chako hakina chupa ya taka za halojeni na mtu wa kuzichukua, umeshapata jibu lako.

*Joto na umeme.* Hii ndiyo njia inayoteseka zaidi Dar. Daikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Mchana wa nyuzi 32, faneli ikishatikiswa inajaa mvuke, kizibo kinataka kuruka, na unapofungua ili ipumue unapoteza kiyeyushi. Kiyeyushi kikipungua rangi inakolea, na kidonge kinasoma zaidi ya kilichomo. Klorofomu huchemka kwenye 61, kwa hiyo ni mvumilivu zaidi, ila mvuke wake si wa kuvuta chumba kizima. Bila chemba ya kuvutia hewa yenye feni inayozunguka, na feni inataka umeme, sitaki kuwaona watu kumi wakitikisa faneli pamoja. Fanya asubuhi, funika kuveti, jaza flaski hadi alama baada ya kukausha na si kabla.

*Kinachoidanganya.* Besi nyingine yoyote. Dawa ya matone ya macho yenye benzalkoniamu inatoa jozi nzuri kabisa, na ni kihifadhi. Sirapu ya kikohozi yenye klofenamini na efedrini inatoa jumla ya vyote viwili. Tone la maji lililobaki kwenye klorofomu linaleta ukungu. pH ikipanda nusu tu, kiasi cha jozi kinabadilika. Na ukitikisa kwa hasira unapata povu lisilotengana, unasimama na faneli mkononi robo saa.

Ipo njia ya pembeni: eosini kwenye bafa, ambayo hushikana na dawa za besi na kusomwa karibu na 545 ndani ya majimaji yaleyale, bila kutenga chochote. Inakuondolea klorofomu, na inakuondolea pia ule usafi wa kutenganisha. Kwa vidonge vya dawa moja naipenda.

*Inamfaa nani.* Mwenye dawa ya besi ya dozi ndogo, chemba ya mvuke inayofanya kazi, na utaratibu wa taka. Kwa darasa la vitendo, chukua eosini.

4. Chuma

*Inashika nini.* Kuna sura mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni feriki kloraidi kugusana moja kwa moja na salisileti, inatoka zambarau, unasoma karibu na 530. Ya pili ni dawa inayopunguza feriki kuwa ferasi, kisha ferasi inakamatwa na fenanthrolini na kutoa rangi ya chungwa-nyekundu kwenye 510. Ya kwanza inachagua. Ya pili inapokea yeyote anayeweza kutoa elektroni.

Aspirini ndipo sura ya kwanza inapong'aa. Aspirini yenyewe haitoi zambarau. Asidi ya salisiliki inatoa. Kwa hiyo unapima mara mbili. Mara ya kwanza bila kuchemsha, na haraka: unapata salisiliki iliyokwisha kujitenga kwa kuoza. Mara ya pili baada ya kuchemsha na soda: unapata jumla. Tofauti yake, ikizidishwa kwa 1.304 (uwiano wa uzito wa molekuli, 180.16 kwa 138.12), ndiyo aspirini iliyobaki nzima. Kwenye mji wenye unyevu kama huu, ambako kopo la aspirini likikaa wazi hunuka siki, somo la kwanza lina maana kuliko la pili. Njia nyingine tatu hazikupi habari hiyo kirahisi.

*Unahitaji nini.* Kemikali za bei ya chini na zinazopatikana, kolorimita, jiko la maji moto. Maji ndiyo ya kuangalia. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na mabomba ya zamani yana kutu; kwa fenanthrolini chuma cha kwenye maji ni dawa bandia uliyoiongeza mwenyewe. Tumia maji yaliyotoneshwa, suuza vyombo kwa asidi hafifu, na soma blanki (myeyusho wenye kila kitu isipokuwa dawa) kila siku.

*Joto na umeme.* Vumilivu. Fenanthrolini mara nyingi hutaka kupashwa moto kwa muda maalumu, hivyo shika saa.

*Kinachoidanganya.* Kwa fenanthrolini: vitamini C, metabaisalfaiti inayowekwa kwenye sindano na sirapu, hata sukari ikishapashwa na asidi. Ndiyo maana makala zinazodai kupima dawa kumi tofauti kwa fenanthrolini hunitia mashaka. Kinachofaa kumi hakichagui hata mmoja.

*Inamfaa nani.* Aspirini, bila kusita. Fenanthrolini, kwa vidonge ambavyo una orodha kamili ya vijazio na umetengeneza kidonge kitupu cha kulinganishia.

Dawa ya mseto, kwa sababu lazima mtu ataiuliza

ALu, dawa ya mseto ya malaria yenye artemetha na lumefantrini, haikai vizuri kwenye njia yoyote kati ya hizi. Lumefantrini inafyonza UV kwa nguvu, karibu na 335, na inapimika. Artemetha haina pete ya benzini, na kwenye UV ya kawaida karibu haionekani. Ipo namna ya kuipika na asidi hadi itoe kitu kinachofyonza karibu na 254, lakini lumefantrini ipo hapohapo, kwa hiyo lazima uzitenganishe kwanza, na ukishafika huko urahisi umekwisha. Artesuneti ina njia yake ya rangi: Michael Green na wenzake wa CDC ya Marekani walionyesha mwaka 2000 kwamba, ikishaguswa na alkali, hutoa manjano na chumvi ya Fast Red TR. Hiyo ilikusudiwa kunasa dawa bandia sokoni. Kwa mradi wa ALu, omba nafasi ya HPLC mapema.

Kifaa cha kusomea

Kolorimita ya vichujio inatosha kwa diazo na chuma. Kwa manjano ya bromokresoli unataka kichujio cha bluu kisichovuja. Spektrofotomita inakupa mkunjo mzima, na mkunjo ndio unaokuonyesha kama rangi ya sampuli ni ileile ya stendadi: kilele kikisogea nanomita 8, kuna mgeni ndani. Simu inavutia wanafunzi sana. Kamera hurekebisha mwanga na weupe yenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo bila kisanduku cheusi na mipangilio iliyofungwa unapima hisia za programu ya simu. Kwa kuchuja kidonge kisicho na dawa kabisa inaweza. Kutofautisha 93 na 97, hapana.

Lingine la kuangalia kwenye vifaa vyote: stendadi ya methanoli iliyotoka friji muda huohuo. Methanoli hutanuka sana na joto, kati ya nyuzi 5 na 31 ni karibu asilimia 3. Ukipipeti ikiwa baridi unachukua dawa zaidi ya unavyodhani, stendadi inasoma juu, na kidonge kisicho na kosa kinaonekana pungufu. Iache kwenye meza hadi ifanane na chumba.

Kulingana na hali yako

Una kidonge cha dawa moja yenye pete, mashine ya UV na kuveti za kwatzi: anza na UV. Rangi itafute tu kama kijazio au kihifadhi kinaingilia.

Una SP, Septrin au dapsoni, na kolorimita ya zamani: diazo, na barafu. Ukitaka kusema chochote kuhusu mwenzi wa salfa kwenye kidonge hicho, tafuta njia ya pili kwa ajili yake.

Una Piriton au amitriptilini: rangi ya kuoana kama chemba ya mvuke inavuta na taka zina pa kwenda, vinginevyo eosini, na uonyeshe kwa kidonge kitupu kwamba vijazio havitoi rangi.

Una aspirini, hasa iliyokaa dukani muda mrefu: chuma, kwa masomo mawili.

Unafundisha darasa la watu 40 kwa saa 3: diazo au salisileti. Rangi zote mbili zinaonekana hata kwa aliyekaa nyuma, na kosa la pipeti linajianika lenyewe kwenye safu ya neli.

Uko kiwandani na majibu yanaruhusu bechi kutoka: tumia mbinu ya farmakopia uliyosajilia bidhaa yako. Njia ya rangi iwe ya kuangalia hatua za katikati, baada ya kuilinganisha na ile rasmi kwa bechi kadhaa.

Umenunua dawa Kariakoo na unaishuku: usianze na njia yoyote ya hapa. Mtu mmoja na kolorimita hawezi kuitangaza dawa kuwa bandia. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ambayo zamani ilikuwa TFDA, ina maabara pale Mabibo iliyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2011, na kazi ya kuthibitisha ni yao. Ihifadhi dawa kwenye pakiti yake, pamoja na namba ya bechi na risiti, uwapelekee ikiwa haijafunguliwa zaidi ya ulivyoikuta.